Kutoka Mchanga wa Malindi Hadi Kilele cha Lenana: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Pwani

Nilihamishiwa Nanyuki kikazi nikiwa na miaka ishirini na saba, na nguo pekee ya baridi niliyokuwa nayo ilikuwa sweta niliyoazimwa na shangazi. Nilifika usiku. Asubuhi nilipofungua dirisha, mswaki mdomoni, Mlima Kenya ulikuwa umesimama pale, mweusi chini na mweupe penye ncha, karibu kana kwamba umehamia uani. Ilipofika saa tatu wingu likaufunika wote. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaniambia, "Mlima huu mwanangu ukiutaka, uamkie." Nikauamkia kwa miaka sita.

Siku hizi niko Malindi tena, na karibu kila mwaka huwapeleka ndugu, majirani na watoto wa majirani wakaone walichokuwa wakikisikia tu. Maswali wanayoniuliza ni yale yale, kwa hiyo nimeyajibu yote hapa, kuanzia mazoezi ya ufukweni hadi namna ya kuyaweka mabuti ukirudi.

Kwanza niseme ninaloliamini kuliko yote. Sisi wa pwani tunaogopa baridi, lakini baridi ina dawa, na dawa yake ni nguo. Kinachotuangusha ni haraka. Mtu anatoka usawa wa bahari Ijumaa, Jumapili anataka awe kileleni, Jumatatu awe dukani kwake. Mlima haumkubali. Ongeza siku mbili katika safari yako, na karibu kila ushauri mwingine ulio humu utakuwa mwepesi kuufuata.

Mlima wenyewe

Mlima Kenya una vilele vitatu vikubwa. Batian ni mita 5,199 na Nelion mita 5,188, na vyote viwili ni vya wapanda miamba wenye kamba na ujuzi. Cha tatu, Lenana, ni mita 4,985, na hicho mtu wa kawaida mwenye afya hufika kwa miguu yake. Majina haya ni ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, yaliwekwa na Halford Mackinder aliyefika Batian mwaka 1899. Wakikuyu waliuita Kirinyaga tangu zamani.

Usidhani mlima ni wa watu wa bara peke yao. Habari za theluji yake zilifika Ulaya kupitia kwetu: Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, hapa hapa katika kaunti yetu ya Kilifi, aliuona akiwa Ukambani tarehe 3 Disemba 1849, na mabingwa wa jiografia kule wakakataa kuamini kwamba barafu yaweza kukaa chini ya jua la ikweta. Na sehemu ya maji ya Mto Tana, yanayomwagika baharini Kipini tukielekea Lamu, huanzia mlima huo. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, wa Garsen hujua kwa mashamba yao kabla ya kuisikia redioni.

Kuna mambo mawili ya kimaumbile yanayotawala kila kitu. La kwanza ni hewa. Ukiwa Lenana, kanieneo ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya ufukweni, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina nusu ya oksijeni uliyozoea. La pili ni joto, ambalo hushuka kama digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Malindi ikiwa digrii 30, hesabu mwenyewe utakuta nini mita 5,000 juu, tena kabla ya kuongeza upepo na usiku.

Pima damu kabla ya kununua buti

Hapa sitaki uruke hata mstari. Huku kwetu chembe za selimundu (sickle cell), kasoro ya damu ya kurithi, ni nyingi, kwa sababu ile ile iliyowasaidia mababu kuihimili malaria. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima mrefu kabisa. Aliyerithi chembe kwa mzazi mmoja tu huenda ameishi maisha yake yote bila kujua, maana haugui, lakini hewa hafifu inaweza kuuletea wengu wake madhara. Nenda hospitali, omba kipimo cha selimundu, na ukikutwa na chembe zungumza na daktari kabla ya kuamua. Ukiwa nazo na ukasikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa mlimani, huo ni wakati wa kushuka, si wa kumeza panado na kulala.

Mwambie daktari pia kama una presha, pumu, ugonjwa wa moyo au kisukari. Mjamzito asubiri. Muulize habari za acetazolamide, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Usiinunue kimya kimya, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Na kuna malaria. Vimelea hukaa mwilini wiki moja hadi mbili au zaidi kabla ya homa kutokea, kwa hiyo mbu aliyekuuma mitaani kwetu, Barani au Maweni, anaweza kukuangusha ukiwa mita 4,000, mahali ambapo kila mtu atasema "ni baridi tu" au "ni mwinuko tu". Lala ndani ya chandarua kwa wiki mbili kabla ya safari, na homa ikikushika huko mwambie kiongozi waziwazi kwamba umetoka pwani.

Majira ya kwenda

Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Disemba, ziache. Nyakati mbili zinafaa: Januari na Februari, kaskazi ikivuma huku kwetu, na tena Julai mwishoni hadi Septemba. Mimi napenda Januari na Februari kwa sababu anga huwa safi zaidi na njia ni kavu. Lakini mwenye mashua aliyeipandisha ufukweni wakati wa kusi hana budi kwenda Agosti, na Agosti nayo ina uzuri wake. Majira yoyote yale, asubuhi ndiyo yenye mlima. Mchana ni wa mawingu. Panga kila siku uwe umefika kambini kabla ya saa tisa alasiri.

Mazoezi bila kilima

Malindi ni tambarare kama sinia, na watu huniambia, "Tutafanyia mazoezi wapi?" Tuna mchanga. Anza wiki kumi kabla. Wiki tatu za mwanzo tembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kutoka gatini kuelekea Silversands na kuendelea, saa moja na nusu, mara nne kwa wiki, kwenye mchanga mgumu. Kisha uhamie kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaomeza mguu. Huo ndio mwalimu. Mchanga mkavu unakufunza hatua fupi, na hatua fupi ndiyo hatua ya mlimani.

Wiki ya nne anza kubeba. Begi la mgongoni lenye chupa za maji, kilo tano kwanza, kisha nane. Jumamosi vuka daraja la Sabaki uende kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui, upande tuta, ushuke, upande tena mara ishirini. Wiki ya saba nenda Marafa, kwenye lile korongo la Nyari lenye kuta nyekundu, za waridi na nyeupe. Watalii huenda jioni kupiga picha. Wewe nenda alfajiri, kwa sababu joto la bondeni mchana ni kali, na pamoja na kiongozi wa kijiji teremkeni na mpande hadi mapaja yatetemeke. Kushuka ni muhimu kuliko unavyodhani: niliowaona wakilia kwa magoti walilia siku ya kurudi.

Ukiwa na uwezo, weka safari moja ya katikati. Milima ya Taita iko njiani ukipita Voi, na kilele chake, Vuria, kina mita 2,208. Lala Wundanyi usiku mmoja, panda Vuria asubuhi. Utakutana na ukungu wa kwanza maishani mwako unaoingia mpaka mkononi mwa sweta, utajua kama buti lako linauma, na utakuwa bado karibu na nyumbani.

Nguo: usinunue Malindi

Madukani kwetu koti zito ni nadra na ghali. Nunua mitumba, Gikomba ukipita Nairobi au sokoni Nanyuki kwenyewe, ambako wauzaji wanajua vizuri unachokitafuta. Mifuko ya kulalia, makoti na fimbo hukodishwa pia Nanyuki na Naro Moru, na kwa safari ya kwanza nakushauri ukodi. Ukikodi mfuko wa kulalia, ufungue mbele ya mwenyewe, jaribu zipu kutoka juu hadi chini, uunuse, uuinue kwenye mwanga uone kama manyoya yamejikusanya upande mmoja.

Kanuni ni moja: pamba inakaa na jasho, na jasho likipoa linakuibia joto. Fulana ya pamba, suruali ya jinzi na soksi za shule ziache nyumbani. Mwilini vaa fulana ya kubana ya sufu au ya nailoni inayokauka upesi. Juu yake sweta la sufu au la manyoya ya kutengeneza. Juu yake koti zito la kujazwa, na juu ya yote koti la mvua linalozuia upepo. Miguuni suruali mbili na ya mvua, soksi jozi nne za sufu. Glavu jozi mbili, kwa kuwa moja italowa. Boshori la kufunika masikio. Buti lililokwisha kuvaliwa ufukweni kwa wiki kadhaa, lenye nafasi ya kidole mbele, la sivyo kucha za vidole gumba zitang'oka wakati wa kushuka.

Kikoi usikiache. Ni shuka, ni skafu, ni pazia la kubadilishia nguo, ni taulo. Dada zangu wanaovaa hijabu wamegundua kwamba hijabu ya kitambaa cha kunyumbuka chini ya boshori ni bora kuliko skafu yoyote ya dukani, na dera la urefu wa magoti juu ya suruali mbili halikwazi hatua. Buibui refu hukanyagwa kwenye mawe. Liache Nanyuki.

Usisahau miwani ya jua na mafuta ya kujikinga na jua. Mweusi haungui, tunaambiana. Anaungua. Nimeona pua ya kijana wa Shela ikibanduka ngozi kama viazi vya kuchemsha. Jua la mita 4,000 halina hewa nzito ya kulichuja, na likigonga barafu hurudi usoni kutoka chini. Tochi ya kichwani yenye betri za akiba, na betri hizo, pamoja na simu, ulale nazo ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi huzimaliza.

Njia na watu wa kukupeleka

Njia kuu ni tatu. Ya Naro Moru ndiyo fupi, na kwa sababu hiyo hiyo simpeleki mtu wa pwani huko kwa mara ya kwanza: unalala mita 3,050 kisha usiku wa pili uko mita 4,200, na katikati kuna mteremko wa matope unaodai gumbuti. Chogoria ndiyo nzuri kuliko zote, yenye mabonde marefu, maporomoko na Ziwa Michaelson, lakini ni ya kulala hemani na inachosha. Sirimon, inayoanzia upande wa Nanyuki, hupanda taratibu, ni kavu zaidi, na ina mabanda ya kulala. Anza nayo.

Usipande peke yako. Tafuta kiongozi aliyesajiliwa, akuoneshe kitambulisho chake, na uongee naye kabla ya kulipa. Swali langu la kwanza kwake huwa: "Nikiugua usiku, utafanya nini?" Akijibu kwamba atanipa dawa nipumzike hadi asubuhi, namshukuru na kuendelea kutafuta. Anayestahili pesa yako atasema, "Tunashuka usiku huo huo." Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao kabla ya kufika lango, na hubadilika, kwa hiyo ziangalie wiki ile ile unayosafiri. Wapagazi waajiri. Mzigo wao upimwe, uone kama wana nguo na mahali pa kulala, na malipo yao uyajue yamefika mkononi mwao.

Safari, siku kwa siku

Basi la usiku kutoka Malindi hadi Nairobi, au matatu hadi Mombasa kisha treni kutoka Miritini. Napendelea treni, mtu hufika miguu haijavimba. Nairobi ni kama mita 1,700. Siku ya pili panda matatu hadi Nanyuki, saa tatu hadi nne za barabara, ulale hapo, kama mita 1,950. Siku hiyo ya kulala Nanyuki watu huiona ya bure. Itumie: kanunue mitumba iliyobaki, ukaone lile bango la ikweta, na jioni uketi mahali penye moto wa kuni ujue raha ambayo sisi wa joto hatukuzaliwa nayo, ya chai inayochoma ulimi huku mgongo ukiwa na baridi.

Siku ya tatu gari hukupeleka lango la Sirimon, mita 2,650. Kutoka hapo ni kama kilomita 9 za barabara ya msitu hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Ni mwendo wa saa tatu au nne, lakini nyinyi tumieni tano. Msituni kuna nyati na ndovu, kwa hiyo mkae karibu na kiongozi. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio.

Siku ya nne, na hapa ndipo siku yangu ya kwanza ya nyongeza, msihame. Baada ya kifungua kinywa pandeni kama mita 400, mketi juu kwa nusu saa, mrudi Old Moses kulala. Panda juu, lala chini: huo ndio ufundi wote wa kuzoea mwinuko. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hatua ya kutoka Old Moses kwenda Shipton, kambi inayofuata, ni mita 900, na ndiyo maana lazima tuidai siku hii. Wenye hema wanaweza kuigawa zaidi kwa kulala Liki North, karibu mita 4,000.

Siku ya tano ni ndefu, saa sita hadi nane kuelekea kambi ya Shipton, mita 4,200. Miti imekwisha. Mnaingia bonde la Mackinder, na hapo inaanza mimea ambayo sikuwahi kuidhania: mirefu kuliko mtu, shina kama la mnazi mchanga lililovikwa majani makavu, kichwani kama kabichi kubwa. Majani yale makavu ni koti lake. Mingine hufunga majani yake usiku kulinda kiini kisigande na kuyafungua jua likitoka. Mbele yenu Batian na Nelion, na pembeni vijito. Tembea kidogo, kunywa maji, tembea. Lita tatu hadi nne kwa siku.

Siku ya sita ni nyongeza ya pili. Panda kidogo juu ya Shipton, rudi, ule, ulale mchana. Pimbi watakuja mlangoni kuomba. Usiwape chakula, wamekwisha kuharibiwa na wageni.

Siku ya saba mnaamshwa saa nane usiku. Vaa kila kitu ulicho nacho, maana mwanzoni mtatembea pole mno kiasi cha kutopata joto. Chupa za maji zibebwe zikiwa kichwa chini, kwa sababu barafu huanza juu ya maji, na ukiigeuza chupa mdomo wake utakuwa bado wazi. Ni kokoto zinazoteleza, kisha mwamba, na mwishoni kuna ngazi za chuma na nyaya za kushikilia. Glavu zisitoke mikononi hapo. Kwa saa tatu hadi tano utaona duara la tochi yako tu na visigino vya aliye mbele.

Mwaka mmoja nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekulia kwenye mitumbwi. Tulisimama kupumua kwenye mkunjo wa mwamba, kukiwa na kishungi cha nyasi pembeni. Kila unyasi ulikuwa umevikwa barafu, na tochi ilipopita nyasi zote ziliwaka kama shanga. Akavua glavu, akavunja mmoja, akautia mdomoni, akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, haina chumvi." Nilimwambia arudishe glavu, lakini sauti yangu haikutoka vizuri.

Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Anga ikiwa safi utaiona Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 300 kusini, kama kisiwa juu ya mawingu. Hapo juu ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya huru Disemba 1963. Na mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Nanyuki, wawili wao wakafika Lenana kwa vifaa vya kujitengenezea, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Majirani zetu Waitaliano wa Malindi hufurahi sana wakisimuliwa hili.

Upande wa pili utaona mabaki ya barafu ya Lewis. Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa shuka iliyotandazwa, sasa ni leso. Wanaoipima tangu miaka ya 1930 wameiona ikiyeyuka miongo yote hiyo, na vijana wetu wa leo huenda ndio wa mwisho kuiona. Usikae kileleni zaidi ya nusu saa. Mrudi Shipton mle, kisha mshuke hadi Old Moses siku hiyo hiyo, na siku ya nane langoni.

Mwinuko ukikugusa

Safari yangu ya kwanza kabisa nilienda na kundi lililopanga usiku mbili tu mlimani. Nilifika mita 4,200 jioni ya siku ya pili, kichwa kikipiga kama ngoma ya harusi, chakula kikinuka. Nilikaa kimya kwa aibu, nikijiambia wenzangu wasiseme mtu wa pwani ameshindwa. Saa sita usiku nilitoka nje nikayumba hadi ukutani. Mpagazi mmoja aliniona, akanishika kwapani, akanishusha gizani kwa mwendo wa saa nne. Alfajiri, mita mia tisa chini, nikaomba uji. Namwomba Mungu amlipe mtu yule kheri.

Kwa hiyo nisikilize. Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa kukatika na hamu ya chakula kupungua ni kawaida: pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka vipoe. Kichwa kisichosikia dawa, kutapika na uchovu wa kushindwa kuvaa viatu ni dalili ya kushuka. Na kuna mawili ya kuua. Moja ni mapafu kujaa maji: mtu anahema akiwa ameketi, anakohoa kikohozi chenye majimaji au povu. La pili ni ubongo kuvimba: anaongea ovyo, anachanganyikiwa, anayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kwa kidole. Akishindwa, anashushwa sasa hivi, hata ikiwa saa nane usiku, hata akikataa, na asishuke peke yake. Kungojea jua ndiko kunakoua.

Chakula na ibada

Shipton maji huchemka yakiwa kama digrii 86 tu. Yanafaa kwa kunywa, lakini maharagwe hayaivi na wali hubaki na kiini. Usiahidi watu pilau. Viazi vilivyokatwa vidogo, tambi, chapati na supu ya moto hutosha. Kutoka nyumbani chukua tende, kashata, halua, na mahamri ya siku mbili za mwanzo. Yakikauka kwa baridi, yaweke juu ya kifuniko cha sufuria ya chai, yatalainika kama ya saa kumi na mbili asubuhi. Tangawizi mbichi, kipande kwa kila siku, kwa chai na kwa tumbo linalokataa chakula. Achari ya embe kidogo humrudishia hamu mtu aliyekuwa amekiacha chakula chake. Kama unakula halali tu, mwambie mpishi mkiwa bado Nanyuki, na nyama mwinunue pamoja.

Kibla ni kaskazini, kama kwetu, kikielekea mashariki kidogo. Msafiri ana ruhusa zake, na kuhusu kutayamamu maji yakiwa ya barafu muulize shehe wako kabla hujaondoka ili uwe na utulivu. Safari ya kilele usiipange Ramadhani. Mwili unahitaji maji mchana kutwa.

Kama hutaki kilele

Wako waliokuja na mimi wakaishia Old Moses, na sikuwaona wamepoteza. Shangazi yangu, yule wa sweta, ana miaka sitini na kitu. Alitembea hadi kambini kwa siku nzima, akaketi mlangoni amejifunga leso mbili na blanketi, akautazama ukungu ukipanda kutoka bondeni kama moshi wa ubani. Alitaka kukaa siku ya pili. Watoto pia nawaishilizia hapo. Na ukihamishiwa kazi Nanyuki, Nyeri au Meru, usijifungie ndani ukihesabu siku za likizo. Amka kabla ya saa moja, tembea ukiutazama mlima, jifunze kuwasha moto wa kuni. Julai itakuuma mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utaingoja.

Ukirudi Malindi

Takataka zote shuka nazo, hata maganda ya machungwa, ambayo kule baridini hukaa muda mrefu bila kuoza. Ukifika nyumbani jiangalie homa kwa wiki mbili, na ikija nenda ukapimwe malaria.

Kisha shughulikia vitu vyako upesi, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo adui yao. Mabuti yaoshe matope yote, yakaushe kivulini, yajaze magazeti, yapake mafuta ya ngozi. Ukiyafungia kabatini yakiwa mabichi utayakuta na ukungu wa kijani kabla ya mwezi kwisha. Mfuko wa kulalia usiukandamize kwenye kifuko chake, utundike wazi chumbani. Zipu zipake mshumaa. Sweta na glavu ziweke kwenye sanduku pamoja na karafuu kavu za kuzuia wadudu, na kila baada ya miezi miwili zitoe, zianike jua la asubuhi, uzirudishe.